Muziki wa Kanda Yenye Chenga

Kwanza mwageni mate yaliyojaa kwenye matarumbeta yenu, halafu tukae tuongee. Nimewasikia tangu getini, mnapuliza kama maharage yanayochemka. Bomba likijaa mate, hata malaika Gabrieli hawezi kutoa noti safi. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza katika kazi hii, na nimelifundisha miaka yote niliyokuwa mwalimu wa bendi hapa parokiani Mapera, mpaka meno ya mbele yaliponiaga na midomo ikakosa pa kuegemea.

Juzi mmoja wenu aliniuliza: "Bibi Mwalimu, kwa nini kila sherehe lazima tupige ule muziki wa sinema, na nyimbo mpya ziko tele?" Nilimjibu kwa mkato maana nilikuwa na sufuria jikoni. Leo sina sufuria. Tena naona swali lile si la mmoja, ni la wote, ila yeye ndiye mwenye mdomo. Basi sikilizeni, na anayetaka kusinzia asinzie kwa adabu, asikorome.

Kazi hii sikuiomba. Nilikuwa binti wa kwaya, napiga kinanda cha kukanyaga. Siku moja mpigaji wa baritoni aliomba ruhusa kwenda kuoa kule Mpepai. Akaoa, akasahau kurudi. Bruda Anzelmi, mtawa wa Kizungu aliyekuwa fundi wa kila kitu pale misheni, kuanzia saa ya mnarani hadi mashine ya kukoboa kahawa, akanijia na lile bomba mkononi.

"Editha, una mapafu?"

"Ninayo, Bruda."

"Na masikio?"

"Ninayo."

"Basi shika."

Wanaume wa bendi wakacheka. Gaspari, mpigaji wetu wa besi kubwa, akasema mwanamke akipuliza baritoni ataota tezi la shingo. Bruda akamgeukia. "Tarumbeta halina macho, Gaspari. Halijui linapulizwa na nani. Linajua tu likipulizwa vibaya, na wewe linakujua sana."

Mwezi mzima wa kwanza sikuruhusiwa hata kubonyeza pistoni. Bruda alinipa kipande cha karatasi, akaniambia nikibandike ukutani kwa pumzi yangu tu, kisidondoke. Jaribuni mkifika nyumbani, mtajua nani kati yenu ana tumbo la kupigia na nani ana la kulia ugali peke yake. Baadaye akanifundisha kutafuta tundu kwenye bomba: ziba upande mmoja, lizamishe kwenye karai la maji, puliza, tazama mapovu yanapotokea. Hapo ndipo pa kuziba kwa risasi iliyoyeyushwa. Pistoni zikikwama, tone la mafuta ya taa. Ya taa, nimesema. Gaspari alizipaka za kwake mafuta ya karanga siku chache kabla ya Krismasi, akidhani mafuta ni mafuta. Misa ya Krismasi ikamkuta na besi yenye noti moja tu. Akaipiga hiyohiyo kwa imani tangu wimbo wa kuingia mpaka baraka ya mwisho.

Bruda alipougua na kurudishwa kwao, aliniachia chuma cha kuchomelea na bendi. Nikawa mwalimu.

Halafu zikaja zile nyakati za ruksa, za soko huria. Ninyi mmezikuta zikiwa kawaida, hamjui zilivyotupiga kwa ghafla. Kahawa iliyokuwa inanunuliwa na chama cha ushirika peke yake ikaanza kufuatwa shambani na wanunuzi binafsi wenye magari yao. Mitumba ikajaa minadani. Kila mwenye redio kaseti akawa na bendi nyumbani kwake. Vijana wangu, niliowafundisha kubandika karatasi ukutani, wakaondoka mmoja mmoja: huyu kafuata kahawa, huyu anauza viatu Mbinga, yule kaenda Songea kutafuta chake. Sikuwalaumu. Lakini kila aliyeondoka aliacha tarumbeta likining'inia ukutani, na chuma kinachoning'inia huota kutu ya kijani.

Mzee Kosmas, mwenyekiti wa halmashauri ya walei, aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa haki, msije mkamwona adui. Mkewe alikuwa anatembea na gunia la mahindi kichwani mpaka bonde la pili kutafuta mashine ya kusaga, kama wanawake wote wa Mapera.

"Mwalimu Editha," akasema, "bendi ya watu saba si bendi. Hiyo ni familia."

"Familia nayo huongezeka, Mzee."

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Kuna mtu wa Songea ananunua vyuma vya shaba. Paroko anataka parokia iwe na mashine ya kusaga, na mimi nataka hivyohivyo. Halmashauri imekubali. Tunangoja sikukuu ya somo wa parokia ipite, mpige kwa mara ya mwisho, tuagane vizuri."

"Na tukipiga, watu wakakataa kuagana?"

"Wakikataa, nitawasikiliza. Lakini mwalimu, tusidanganyane. Siku hizi mkianza kupiga watu huenda kuchota maji."

Alisema kweli. Tulikuwa na marshi zilezile, nyimbo za gwaride, tangu enzi za Bruda, na watu walikuwa wamezisikia hadi zikawa kama mlio wa jogoo. Nilitoka ofisini nimekasirika, si kwa Mzee Kosmas, kwa marshi zile. Nikajiambia: matarumbeta haya hayaendi kuyeyushwa yawe bawaba za milango. Njia sikuwa nayo. Nilikuwa na hasira tu, na hasira ni mwanzo mzuri ikiwa una kazi ya kuipa.

Nilikwenda Mbinga mjini kununua waya wa risasi kwa Bwana Shebe. Huyu alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Kilwa, Mwislamu, mpole, mwenye duka la khanga na vifaa mchanganyiko. Nyuma ya duka alikuwa amefungua ukumbi wa video, mabenchi na jenereta, akionyesha filamu za ngumi. Nilikuwa napima waya nikasikia muziki ukitoka ukutani.

Ulianza na pembe za shaba peke yake, chini, polepole. Zilipanda hatua kwa hatua, zikasimama. Zikarudi, zikapanda tena ngazi moja zaidi, zikasimama. Halafu fidla nyingi zikaingia kwa pamoja, na kila kitu kikafunguka. Niliacha waya kaunta nikazunguka nyuma. Pale nje ya ukumbi walikuwa wamesimama akina mama wenye vikapu vya maharage, mpanda baiskeli aliyeshuka baiskeli, na mgambo wa soko ambaye kazi yake ilikuwa kuwafukuza. Hakuna aliyekuwa anaangalia chochote. Wanasikiliza ukuta.

Bwana Shebe akanifuata. "Umeipenda, mwalimu? Kanda mbovu hiyo. Nilipata katika mafungu ya kanda za kuchanganya. Picha ni chenga tupu, hujui mtu ni mtu au mti ni mti. Nilitaka kuitupa. Lakini kila nikiiweka kabla ya filamu ya ngumi, soko lote lahamia kwangu."

"Ni sinema gani?"

"Wallahi sijui. Karatasi ya juu imebanduka. Ya zamani, hiyo tu ndiyo najua, maana muziki wa namna hii siku hizi hawapigi."

"Bwana Shebe, naomba niisikilize mpaka niishike."

Alinitazama, akatazama ule waya wa risasi niliousahau kule kaunta. "Njoo asubuhi, kabla wateja wa ngumi hawajaja. Lakini harakisha. Hii mashine ina tabia ya kula kanda, na hii imeshaanza kuionja."

Nikahamia kwa dada yangu aliyeolewa pale mjini, kila asubuhi niko kwenye benchi la Bwana Shebe, naandika do-re-mi kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Shikeni hili: ukitaka kuushika muziki kwa masikio, usikimbilie sauti ya juu. Sauti ya juu ni kama bibi harusi, kila mtu anamwona, hatapotea. Anza na besi. Ukijua besi inakanyaga wapi, mengine yote yatakaa juu yake. Nilishika besi ya mwanzo, nikashika pembe, nikashika na mwisho ule mkubwa ambapo wote wanapiga kwa nguvu. Sehemu ya katikati, ile laini inayochukuliwa na fidla, niliiacha nikisema nitaifikia.

Asubuhi niliyopanga kuifikia, mashine ilikohoa. Bwana Shebe akaruka, akachomoa waya wa umeme, akafungua. Ule mkanda mweusi ulikuwa umejikunja ndani kama matumbo ya kuku. Akaunyoosha kwa vidole vyake kwa uvumilivu wa mtu anayesuka, akakata pale palipotafunika, akaunga kwa selotepu, akauzungusha kwa kalamu. Tukawasha. Muziki ukaanza, ukapanda, ukafunguka, kisha tak! ukaruka moja kwa moja hadi mwisho. Katikati hakuna.

"Pole, mwalimu," akasema, na alikuwa na huzuni ya kweli. "Pole sana."

Nilijaribu kuikumbuka. Nilijua ilikuwa inashuka, nilijua ilinipa baridi mgongoni, lakini noti zenyewe zilikuwa zimekwenda. Nikarudi Mapera na muziki wenye kichwa na miguu, tumbo halipo.

Hata hivyo tulianza mazoezi. Jioni ya kwanza tulikuwa walewale saba. Tulipopiga ule mwanzo, pembe zikapanda na kusimama, Gaspari akaondoa mdomo kwenye besi. "Mwalimu, hii umeitoa wapi?" Nikamwambia apige, asiulize. Kesho yake wakaja vijana wawili walioacha bendi zamani, wakasema walikuwa wanapita. Watu hawapiti kanisani Mapera, njia inaishia hapo. Kabla ya Jumapili yale matarumbeta ya ukutani yalikuwa yamepungua, na mimi nilikuwa nasugua kutu ya kijani kwa limau na majivu mpaka vidole vikachubuka.

Lakini fidla tungezitoa wapi? Tulikuwa na klarineti moja yenye ufa. Sauti nyingi nyembamba zinazotetemeka kwa pamoja, shaba haiwezi kuzitoa. Nilifikiri nikiwa shambani, nikiwa kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, nafukia majani, nikasikia mtu anapita barabarani anavuma mdomoni wimbo wa mganda. Nikaacha jembe hapohapo.

Mganda mnaujua: mistari ya wanaume wenye kaptura nyeupe na soksi ndefu, ngoma, na vile vibuyu. Kibuyu cha mganda kina tundu lililobandikwa utando wa buibui. Huupulizi, unauimbia, nao unavuma. Vibuyu vingi vikivuma pamoja, fumba macho uniambie kama hizo si fidla. Huku mlimani wazee walikuwa wameshauacha, ila nilisikia kundi la Kihagara, kule ziwani, lilikuwa bado na vyombo vyake vyote.

Lori la mbao lilinishusha kwenye zile kona mpaka Mbamba Bay, nikamalizia kwa mtumbwi na miguu. Joto la ziwani lilinivua sweta kabla sijafika. Kiongozi wa kundi aliitwa Kapteni Yohana. Hakuwahi kuwa mwanajeshi, mganda ndio uliompa ukapteni. Nilimkuta uani kwake anashona wavu, na mkewe, Mama Tabitha, anatwanga muhogo.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, mama. Habari za mlimani? Mmeshuka kununua dagaa?"

Nikamweleza shida yangu yote. Alisikiliza bila kuacha kushona. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno.

"Bendi ya Wakatoliki, inaongozwa na mwanamke, inataka vibuyu vya Waanglikana wapige muziki wa sinema."

"Ndiyo, Kapteni."

Mkewe akadakia bila kuinua kichwa: "Na nyumba hii inaongozwa na nani?"

Kapteni alijifanya hakusikia. Halafu uso wake ukabadilika. "Mama, umetoka mbali, sitakudanganya. Mganda haujapigwa hapa tangu mtumbwi wa mdogo wangu ulipozama. Hatukumpata hata kumzika. Yeye ndiye alikuwa anaongoza vibuyu. Nilivifunga kwenye gunia, viko darini, na darini vitakaa."

 Nikampa pole. Mama Tabitha akaniletea maji na ugali wa muhogo kwa samaki wa mbasa, na wakati nakula akaniuliza, kwa heshima tu, ili mgeni asikae na ukimya: "Huo muziki wenyewe ukoje?"

Nikamwimbia. Nikapanda zile ngazi za mwanzo, nikasimama, nikapanda tena, nikafika pale fidla zinapofunguka, kisha nikaishia pale kanda ilipokatika, kwenye ile noti ya la. "Hapo ndipo mwisho wangu, mama. Mbele sijui."

Mama Tabitha alikuwa ameshika mchi hewani. Akaanza kuimba. Alianzia kwenye la ileile, akashuka taratibu, akageuza, akashuka tena, laini, bila maneno, na mgongo wangu ukapata ile baridi niliyoipata kwenye benchi la Bwana Shebe. Alipomaliza alikuwa ameitua noti pale hasa unapoanzia ule mwisho mkubwa. Kichwa, tumbo, miguu. Nililia mbele ya chakula cha watu.

"Umeutoa wapi, mama?"

"Huu? Huu ni wimbo wangu wa kubembelezea watoto," akasema, akishangaa. "Zamani lilikuja gari la sinema ya serikali. Mvua ikakata barabara, likakwama hapa, wakawa wanaonyesha sinema ileile kila jioni, hawana nyingine. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia wale wageni. Sikuona hata kidogo. Nilisikia tu, na kipande hiki ndicho kilichokaa. Nimelelea wanangu wote kwa wimbo huu."

"Na mdogo wangu pia," Kapteni akasema polepole. Wavu ulikuwa umemwangukia miguuni. "Mama yetu alipokufa yeye alikuwa mdogo, Mama Tabitha akamlea. Alikuwa akivuma huo akitengeneza ndoano."

Mkewe akamsogelea. "Maombolezo yana mwisho, Baba Tabitha. Shemeji hakuwa mtu wa kukaa darini."

Kapteni aliuokota wavu, akaukunja. Kisha akanipa sharti: muziki ule upigwe Kihagara kwanza, ufukweni, kwa ajili ya ndugu yake. Baada ya hapo wangepanda na sisi mlimani.

Niliwaleta watu wangu. Bendi nzima ilishuka na lori, Gaspari amekumbatia besi kama mgonjwa. Tulipoanza kujipima na vibuyu, shaba zote zilikuwa zimepanda juu, kelele tupu, vijana wakaanza kutazamana. Hili nalo mlishike: baridi hushusha sauti ya shaba, joto huipandisha. Ukishuka ziwani, vuta nje mabomba madogo ya kurekebishia, yote, kwa kipimo kimoja, usikilize upya. Tukavuta, tukaelewana.

Tulipiga alasiri, tukitazama maji. Watu wa Kihagara walisimama nyuma yetu, wanawake wa ngoma ya kioda wakiwa mbele na khanga zao zimefungwa sawa. Vibuyu vilipoingia kwenye kipande cha Mama Tabitha, Kapteni Yohana alikuwa mbele, mgongo umenyooka, machozi yanatiririka na hayafuti, mkono wake unapiga hesabu bila kukosea. Tulipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Kapteni akavua kofia akainamia ziwa. Halafu akageuka na kuuliza, "Tunapanda lini?"

Niruke mbele kidogo, msije mkaniambia nimewaficha. Miaka mingi baadaye, simu hizi zilipoingia, mmoja wa vijana wangu aliuvumia simu yake, ikamtafutia ule muziki, mzima, safi, okestra yote inapiga, wenye jina la kigeni nisilolishika. Nilikwenda naye Kihagara, nikamsikilizisha Mama Tabitha, kikongwe sasa, ameshika simu sikioni kwa mikono miwili. Kile kipande cha katikati kilikuwa karibu sawa na chake, ila mahali fulani wao wanapanda pale yeye anaposhuka. Alisikiliza mpaka mwisho akanirudishia simu. "Wamepiga vizuri," akasema, "lakini hapo wamekosea." Mpaka leo mnapiga alivyoimba yeye. Nisimsikie mtu anawasahihisha.

Mnaniuliza kwa nini muziki ule haufi. Mimi nimejaribu nyimbo nyingi katika kazi hii, na nina kipimo changu. Uondolee wimbo ngoma. Uondolee sauti za pili na tatu. Uvume peke yako ukiwa unafua mtoni. Nyimbo nyingi hapo zinaanguka, zilikuwa zimesimama kwa sababu ya spika. Huu unasimama. Aliyeutunga alikuwa na watu wengi wa kumpigia, lakini aliweka ndani yake kitu ambacho mama mmoja jikoni anaweza kukibeba peke yake, na moshi machoni. Ndiyo maana kanda ilitafunwa na wimbo ukabaki.

Sasa sikukuu. Mnaijua baridi yetu ya katikati ya mwaka, ukungu unakaa bondeni hadi Misa imeisha. Watu wa Kihagara, Mama Tabitha akiwemo, waliamka wakitetemeka, wamejifunga mablanketi ya akina mama wa parokia. Na vibuyu vikakataa. Ule utando wa buibui ulikuwa umelowa umande, ukiuimbia unatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Misa ilikuwa imeshaanza, na baada ya Misa ni sisi. Mtu wa Songea alikuwa ameshafika na gari lake, nililiona nje ya ofisi ya Mzee Kosmas.

"Jikoni," nikasema.

"Joto la moto litaupasua," Kapteni akasema. Alifikiri, kisha akapaza sauti yake ya mganda: "Kundi! Vibuyu ndani ya mashati! Ngozini!" Basi wanaume wazima, wenye soksi ndefu na kofia, wakaingiza vibuyu matumboni, wakajipanga nyuma ya kanisa wanabembea kama wajawazito. Masista walipita wakaona, wakafanya ishara ya msalaba. Nami nikawaamuru wa shaba wapulize pumzi ya moto kwenye mabomba bila kutoa sauti, wayaingize na yale mabomba ya kurekebishia tuliyoyavuta ziwani. Misa ilipokwisha, vibuyu vilikuwa vikavu na shaba zina joto.

Watu walitoka kanisani wengi mno, wengine wametoka parokia jirani. Bwana Shebe alikuwa amekuja kutoka mjini, kanzu yake nyeupe inaonekana hata kwenye ukungu. Nilipandisha mkono. Nilikuwa nimeshafanya kila kinachoweza kufanywa na mikono miwili.

Pembe zikapanda, zikasimama. Nilisikia nyuma yangu ndoo inawekwa chini. Zikapanda tena. Vibuyu vikaingia, na kutoka kule nyuma ikatoka sauti ya mzee mmoja wa Mapera: "Ah! Huu naujua!" Halafu mwingine. Kumbe lile gari la sinema lilikuwa limepita hata huku, zamani sana. Kwenye kile kipande laini wanawake walianza kuvuma pamoja nasi, hawajafundishwa na mtu, na mwisho ule mkubwa sikuweza kusikia besi ya Gaspari kwa vigelegele.

Palipotulia, Mzee Kosmas akaja mbele. Macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia ukungu.

"Mwalimu," akasema, "hiyo sinema yenyewe ilikuwa inahusu nini?"

Sikujua. Nikamwangalia Bwana Shebe, naye akasema labda ni mabaharia, maana katika zile chenga aliwahi kuona kitu kama tanga. Kapteni Yohana akakataa kabisa, yeye aliiona ufukweni akiwa kijana, ni ya watu wanaopanda mlima wa theluji. Mzee wa Mapera akasema hapana, ni ya mfalme aliyempoteza mwanawe jangwani. Mama Tabitha akasema wote wanadanganya, muziki ule ni wa mtoto anayelala. Gaspari, ambaye hakuwahi kuona sinema yoyote maishani mwake, akaapa kwamba ilihusu ng'ombe. Watu wakagawanyika makundi, wanashikana mikono, wanaelekezana, wengine wanaigiza, hata mtu wa Songea akashuka garini akasema nyumbani kwao waliionyesha, na ilikuwa ya treni.

Mzee Kosmas aliwasikiliza wote, kwa haki, kama alivyokuwa akisikiliza kesi za mipaka. Kisha akainua mikono mpaka uwanja ukanyamaza, akanigeukia.

"Pigeni tena," akasema. "Safari hii tusikilize vizuri."